Kona fupi: mlio wa "tak" umekwisha

Hatimaye! Mpira wa hoki (mpira wa magongo) umetoka kwenye gongo kimya kimya, bila ule mlio wa "tak", ukapanda, ukatikisa wavu pembe ya juu kushoto, chini kidogo ya mtambaa panya. Wenzangu wakashangilia goli. Mimi nilikuwa nimetega sikio tu, maana mipira ya juu nimeshaingiza mingi, na mingi kati yake mwamuzi makini asingeihesabu.

Wote tunajua kwa nini watu wanahangaika na fliki ya kuburuta, yaani kuuburuta mpira ukiwa umegusana na gongo mpaka unapourusha. Kwenye kona fupi (adhabu ambayo mshambuliaji anaanzisha mpira kutoka mstari wa goli), shuti la kwanza likiwa la kupiga, mpira lazima uvuke mstari wa goli kwa kimo kisichozidi milimita 460, yaani usipite ukingo wa juu wa ule ubao wa chini golini. Goli lenyewe lina kimo cha mita 2.14. Mpigaji anabakiwa na kipande cha chini kisichofika hata robo, na kipa mjanja akishasoma mikono yako anajilaza tu, kazi imekwisha. Ukisukuma au ukiburuta, kikomo hicho hakipo. Kinachobaki ni kwamba mpira usimhatarishe mtu.

Sasa, "tak". Ilianza kwenye mechi ya kirafiki. Mpira wangu uliingia juu kabisa, filimbi ikalia, walinzi wakapewa mpigo huru. Mwamuzi akaniambia, "Hiyo umepiga, hujaburuta." Nilikasirika mpaka nilipofungua kitabu cha kanuni usiku ule. Kupiga ni kulipeleka gongo kwenye mpira kwa kulizungusha, na kofi la gongo pia ni kupiga, hata kama gongo limefagia chini kwa muda mrefu kabla ya kukutana na mpira. Kinachotazamwa ni kama gongo liliufuata mpira kutoka mbali likaukuta, au lilikuwa nao tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nao mwanzoni, halafu tunaachana, halafu tunakutana tena. Tak. Mwamuzi mwenye masikio haoni fliki hapo, anaona kofi, na kofi linalopita kifuani mwa kipa si goli.

Na uzito wa mpira (gramu 156 hadi 163) haufichi chochote. Ukigongwa, uwanja mzima unasikia.

Nilijaribu kushusha mwili zaidi. Tak. Nikabadilisha mahali pa mkono wa kulia, nikaupandisha, nikaushusha. Tak. Nikaanza polepole kabisa: mlio ukatoweka, lakini na kasi ikatoweka, kipa akawa anaudaka huku anapiga soga na beki wake.

Kilichonifungua macho ni chaki. Niliipaka kwenye uso bapa wa gongo, kuanzia kichwani hadi katikati ya mpini, nikaburuta mara moja, nikalitazama gongo kwa karibu. (Fanya hivi uwanja ukiwa mkavu. Nyasi bandia zikishamwagiwa maji, chaki yote inaishia chini.) Mpira ulikuwa umefuta njia nyembamba kutoka kwenye mpini ukishuka kuelekea kichwani, njia nzuri kabisa, halafu njia ikakatika. Upana wa vidole viwili chaki ilikuwa haijaguswa. Kisha, karibu na kichwa, doa moja la mviringo. Doa lile ndilo tak yenyewe.

Kwa hiyo mpira ulikuwa unaliacha gongo njiani. Kwa nini? Nikaiweka simu chini irekodi kwa mwendo wa polepole, na jibu likawa mguuni, wala si mikononi. Hatua ya mwisho ni ndefu, mguu wa kushoto unatua kwa kishindo, mwili mzima unasimama kwa kitambo kidogo sana, na gongo nalo linapungua kasi. Mpira haujui kwamba umesimama. Unaendelea na safari, kama abiria gari likifunga breki ghafla. Ndipo viganja vinazinduka, vinalirusha gongo mbele, linaukuta mpira umeshatangulia. Kila mtu hufundisha "uchukue mpira nyuma ya mguu wa kulia" na "shuka chini", na ni kweli, lakini sijawahi kusikia mtu akisema chochote kuhusu hiyo breki.

Nikarudi kwenye video za Gonzalo Peillat, yule aliyefunga mabao 11 Rio 2016 Argentina ilipochukua dhahabu, kisha akawa bingwa wa dunia 2023 akiwa na Ujerumani. Zamani nilikuwa namtazama mikono. Safari hii nikaziba nusu ya juu ya skrini kwa kiganja nikatazama kiuno na miguu tu. Kisha uwanjani nikajipa amri moja: kiuno kianze kugeuka mguu wa kushoto ukiwa bado hewani, ili mguu unapotua gongo liwe tayari linaongeza kasi. Mwanzoni nilikuwa napepesuka kama... basi tu, nilianguka. Lakini chaki ikaanza kusema mambo mengine. Pengo likabaki upana wa kidole kimoja, halafu ukucha, halafu njia ikaungana mpaka kichwani. Doa likatoweka, na mlio ukaenda nalo.

Kuhusu magongo, kwa kuwa nitaulizwa. Kanuni inaruhusu gongo lipinde kwa mpindo usiozidi milimita 25, na mahali pa mpindo mkubwa pasikaribie sehemu ya chini ya kichwa kuliko milimita 200. Yale yenye mpindo wa chini kabisa yanasifiwa sana kwa kuburuta, na kweli mpira unakaa humo vizuri. Lakini nje ya kona fupi yananichosha: pasi ndefu ya kupiga inanyanyuka yenyewe, na mimi ni kiungo, si mtu wa kuingia kwa kona na kutoka. Nimebaki na la mpindo wa kati. Anayeniambia tatizo langu lilikuwa gongo, nitamwonyesha chaki.

Kidogo kuhusu mtulizaji, yaani anayeusimamisha mpira wa kona ili niuburute: mpira lazima utoke nje ya D (nusu duara iliyo mbele ya goli) kwanza, lakini akiutulizia mbali mno, mburuto unaisha kabla sijaingia, na mpira usioguswa na mshambuliaji ndani ya D hauna goli. Tumekubaliana anautuliza hatua fupi tu nje ya mstari.

Mpango ulikuwa sasa niweke mkimbiaji wa kwanza, yaani mlinzi anayetoka golini mbio kunikabili, aliyevaa barakoa, anijie usoni. Kanuni hapo ni kali kwa pande zote: akiwa ndani ya mita 5, shuti la kwanza likimgonga chini ya goti tunapata kona nyingine; likimgonga gotini au juu akiwa amesimama kawaida, mpigo huru unakwenda kwao. Na baada ya hapo pembe ya chini kulia.

Nimeuahirisha wote, kwa sababu kuna wazo linaninyima usingizi. Ikiwa sasa najua tak inatoka wapi, naweza kuitoa kwa makusudi. Mkimbio uleule, kiuno kilekile, kipa amejiinua akisubiri mpira wa juu, halafu nafunga breki, namaliza kwa kofi la chini linalogonga ubao. Ni kupiga kihalali kabisa, mradi usivuke milimita 460. Shida ni kwamba uso wa gongo ukifunguka kidogo tu, mpira unapanda na goli linakufa. Kamba ninayo. Mazoezi yajayo naifunga kutoka nguzo hadi nguzo kwenye ukingo wa juu wa ubao, nione ni makofi mangapi yatapita chini yake.