Ubingwa wa magari ya saluni hauanzii fainali: ninavyoufuatilia kutoka jukwaani Australia

Kila ubingwa wa taifa wa saluni za udongo (magari ya kawaida yanayoshindana kwenye uwanja wa udongo) unapokaribia, hapa kwenye miji jirani ya Albury na Wodonga nasikia ushauri uleule. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumekuwa wengi tangu familia za Kikongo zianze kuhamia huku, na ushauri wenyewe unapita mdomo kwa mdomo: "Kaka, usipoteze hela ya siku mbili. Njoo Jumamosi usiku, ona fainali, rudi nyumbani." Unanikera. Anayeufuata anaishia kutazama magari yakizunguka, asijue kwa nini jukwaa zima linamshangilia aliyeanza nyuma na kumpuuza aliye mbele. Kufikia fainali, nusu ya ubingwa imeshaamuliwa kwenye mchujo. Mimi nafuata tangu gari la kwanza linapoingia kupasha moto, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Daraja ninalolipenda ni Production Sedan, moja ya madaraja yaliyo chini ya Speedway Sedans Australia, chombo kinachosimamia mbio hizi. Ni magari ya familia, hasa Commodore za Holden na Falcon za Ford, yaliyovuliwa viti na vioo na kufungwa keji ya mabomba ndani. Ford ilifunga kiwanda chake Australia mwaka 2016, Holden ikafuata 2017, kwa hiyo timu sasa zinaishi kwa vipuri vya magari yaliyostaafu barabarani. Ukiona mafundi wanakinyoosha kifenda (bati la juu ya gurudumu) kilichopinda badala ya kukitupa, sababu ndiyo hiyo. Modified Sedan, Street Stock na Super Sedan nazo zina ubingwa wake kila moja, na ubingwa huhama kutoka jimbo hadi jimbo.

Namba ya ubavuni ndiyo inayokuambia dereva katoka wapi. V ni Victoria, Q ni Queensland, S ni Australia Kusini, T ni Tasmania, W ni Australia Magharibi, N ni New South Wales. V1 ni bingwa wa Victoria. A1 ni bingwa wa nchi nzima anayetetea taji, na ni namba inayomtia mtu joto: kila anayeanza nyuma yake anataka kumpita mbele ya watu.

Sasa mchujo. Kila dereva hukimbia mbio fupi kadhaa, na nafasi za kuanzia hupangwa ili mtu aanze mbele mara moja, katikati mara nyingine, nyuma mara nyingine. Pointi hutolewa kwa nafasi ya kumalizia, na jumla yake ndiyo inayopanga fainali. Waliobaki chini hugombea viti vichache vya mwisho kwenye mbio ya B.

Watu wengi hujaribu kuandika pointi zenyewe, na wakifika mbio ya tatu wamechanganyikiwa, kwa sababu huku wanajumlisha na huku magari yanapita. Mimi siandiki pointi kabisa. Naandika nafasi. Daftari la shule la mistari, penseli (kalamu ya wino hukataa kuandika karatasi ikipata vumbi), namba za magari zikishuka upande wa kushoto kwa mpangilio wa namba, na kila mbio ina safu yake. Kwenye kila kisanduku naweka tarakimu mbili: ya juu ndogo ni nafasi aliyoanzia, ya chini kubwa ni aliyomalizia. Mwisho wa kila mzunguko wa mchujo najumlisha zile kubwa tu. Mwenye jumla ndogo ndiye yuko mbele.

Chukua madereva wawili. Mmoja amemaliza wa 1, wa 1, wa 2, kisha injini ikachemka akawa wa 18: jumla 22. Mwingine hajashinda hata mbio moja, ana 4, 3, 5 na 2: jumla 14. Mtangazaji usiku kucha anamtaja yule wa kwanza, lakini huyu wa pili ndiye atakayeanza mbele yake kwenye fainali. Daftari linakuonyesha hivyo saa nzima kabla gridi, yaani mpangilio wa kuanzia, haijatangazwa. Njia hii inakubali kama pengo la pointi kati ya nafasi na nafasi linalingana. Kanuni za mwaka huo zikimpa mshindi pointi za ziada, zungushia duara kila namba 1, na jumla zikikaribiana anayestahili kupandishwa ni mwenye maduara. Asiyemaliza mpe X, ukaangalie kwenye kanuni X inahesabiwaje.

Zile tarakimu ndogo za juu nazo zina kazi. Aliyeanza wa 12 akamaliza wa 5, halafu akaanza wa 10 akamaliza wa 4, huyo ana gari linalopita wenzake. Fainali ni ndefu kuliko mchujo, na gari linalopita ndilo la kuliwekea jicho hata likianza safu ya tano. Gari lililoanza wa 1 na kumaliza wa 1 bado hujalijua.

Usijaribu kuandika kila lapu, yaani kila mzunguko mmoja wa uwanja. Kwenye uwanja wa mita 400 hivi lapu moja haifiki sekunde 20, na ukiinamia karatasi umekosa tukio. Naandika mpangilio kila taa ya njano (tahadhari) au nyekundu (simama) inapowaka, basi. Mbio zikisimama, magari hupangwa upya kufuata lapu ya mwisho iliyokamilika, na aliyesababisha hupelekwa mkiani. Kama hata lapu ya kwanza haijakamilika, wanaanza upya kabisa. Hapo ndipo jukwaa hulalamika kwamba fulani kaonewa: alipita gari mbili kisha karudishwa. Hakuonewa, alipita kwenye lapu ambayo haikuhesabiwa. Waamuzi huongea na madereva kwa redio ya sikioni ya upande mmoja: dereva anasikia, hawezi kujibu. Kila gari lina kifaa cha kuhesabu lapu, na mara nyingi nyakati hutoka kwenye programu ya Speedhive, lakini simu iache ibaki ya kuhakiki. Mtandao vijijini unayumba hasa watu wakijaa, na daftari halihitaji chaji.

Jambo linalogeuza matokeo kuliko yote ni udongo wenyewe. Mchana greda huuchimbua, boza la maji huumwagia, kisha hushindiliwa na magari yenyewe huzungushwa polepole kuukandamiza. Mbio za mwanzo uwanja ni mweusi, mzito, unanata. Mwenye injini kali anapeta. Saa mbili baadaye, njia ya katikati imeshakauka na kung'aa chini ya taa, na udongo uliolegea umesukumwa juu, umejijenga tuta karibu na ukuta. Hapo dereva ana njia mbili: kushuka chini kabisa kuzikumbatia tairi za alama zilizo ukingo wa ndani, au kupanda juu na kuegemeza tairi ya nyuma ya kulia kwenye tuta. Njia ya juu ni ya kasi zaidi, lakini akilivuka tuta kwa kipimo cha tairi moja, nyuma ya gari inapanda na ukuta unampokea.

Ukitaka kujua nani atashinda usiku, tazama magari yakiingia kona uwanja ukiwa umeshakauka. Saluni hizi huzunguka kushoto tu. Tairi ya nyuma ya kulia ina mzingo mkubwa kuliko ya kushoto, na kwa kuwa difu (gia ya ekseli ya nyuma) imefungwa magurudumu yote mawili yazunguke sawa, gari hujipinda lenyewe kuelekea kushoto, kama kikombe kinavyobingirika mezani kwa duara. Kwenye udongo unaonata tofauti hiyo ni msaada. Udongo ukikauka, tofauti ikiwa kubwa mno, mkia unatoka kabla ya katikati ya kona, dereva anaachia mafuta, na aliye nyuma anampita akitoka. Kwa hiyo kati ya mbio na mbio tazama eneo la mafundi: anayebadilisha tairi ya kulia nyuma, anayepunguza upepo, anayekata mifereji midogo kwenye mpira kwa kisu, huyo ameusoma uwanja. Asiyegusa kitu, na alishinda saa kumi na mbili, ana hatari ya kushindwa saa nne.

Mwangalie pia anayekung'uta tope kwenye rejeta. Tope la mbio za kwanza huziba matundu, likakauka, na injini huchemka mbio mbili baadaye bila kosa la dereva. Mvuke mweupe mbele ya gari kwenye lapu za kufuatana nyuma ya taa ya njano ni dalili ya kuandika pembeni ya namba yake.

Kuhusu pa kukaa, usikubali kuambiwa usogee chini kwenye uzio. Mabonge ya udongo yenye uzito wa kuumiza hupita juu ya uzio mchujo wa mwanzo, na ukiwa chini huoni kona ya mbali. Mimi hukaa juu, sawa na wanapotoka kona ya nne, kwa sababu pale unaona kona mbili na mstari wa kumalizia bila kugeuza shingo. Angalia upepo kwanza: vumbi likiwa linakujia, hamia upande mwingine hata kama macho hayafiki vizuri. Vaa miwani ya kioo kisicho na rangi, koti la usiku (joto la mchana huku hukudanganya), na masikioni plagi za sponji chini ya kinga kubwa. Watoto wavalishwe kinga tangu kupasha moto, si mpaka walalamike.

 Ukipiga hema uwanjani, pale panaporuhusiwa, unaokoa hoteli, na mji mdogo wenye ubingwa hoteli zake hujaa mapema. Kuna la kazini pia: usichukue shifti ya Jumapili. Mvua ya nusu saa inatosha kuugeuza udongo kuwa sabuni, na siku ya akiba kwa kawaida ndiyo Jumapili. Nimeona watu wakiondoka usiku wakidhani yameisha, kesho yake mchana bingwa anapatikana bila wao.

Na bendera ya kumaliza, ile ya miraba myeusi na myeupe, ikianguka, usikimbilie maegesho. Matokeo yale ni ya muda. Magari ya mbele hupelekwa kwenye mizani na kwa wakaguzi, injini huweza kufunguliwa, na gari likipungua uzito kwa kilo chache dereva hufutwa na aliyekuwa wa pili anapandishwa. Muda huohuo viwanja vingi huwafungulia mashabiki geti la mafundi. Ingia na viatu vilivyofunika vidole, na daftari lako. Muulize dereva kwa adabu alibadilisha nini kabla ya fainali. Akishatulia atakuonyesha tairi yenyewe, na utaona kwa macho yako mpira ulivyolika upande wa ndani au wa nje. Naandika hilo kwenye mstari wa namba yake, nasubiri wakaguzi wasaini, ndipo nazungushia jina la bingwa.