Oili ya boti iligeuka maziwa, na hedi haikufunguliwa

Hapa Kigoma ukimwonyesha fundi oili nyeupe, hamalizi hata kuitazama. "Gasketi ya hedi hiyo. Tufungue." Kwa Fuso inayopozwa na rejeta anaweza akawa sahihi. Lakini boti ya jeti inayojipoza kwa maji ya Ziwa Tanganyika ina njia nyingi za kuingiza maji kwenye oili, na hedi, yaani kichwa cha injini, pamoja na gasketi inayokiziba, ni mojawapo tu. Naandika haya kwa sababu bado wapo watu hapa Kibirizi, ufukwe wetu wa boti, wanaosema nilipougundua ugonjwa wa boti ninayoiendesha nilibahatisha. Sikubahatisha.

Boti yenyewe ni ya mzee mmoja wa Dar, mimi naitunza na kuiendesha. Kazi yake kubwa ni kupeleka wageni hifadhi ya Gombe kuona sokwe. Haina propela nje. Ina pampu ndani ya tumbo inayovuta maji chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na ndicho alichoipendea mzee: ukikatiza penye nyavu na kamba za wavuvi wa dagaa hakuna panga la nje la kunasa, na ukifika ufukweni unaingia hadi maji ya magotini. Injini ni ya petroli, V8, yaani ya silinda nane, ya lita 5.7, aina ile ile ya injini za magari makubwa ya Kimarekani. Ukiiwasha Kibirizi watoto wanakimbilia majini kushangilia.

Asubuhi moja nachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, naona oili imepanda juu ya alama na ina rangi ya chai ya maziwa. Kupanda ndiko kulikonitisha kuliko rangi. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ugonjwa. Injini inayopozwa kwa maji ya ziwa moja kwa moja huwa haipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake, na ukiiwasha dakika tano tano tu gatini utaona ute huo hata kama kila kitu ni kizima. Lakini kiwango hakiwezi kupanda bila kitu kuingia.

Kwanza nikataka kujua ni kitu gani kimeingia. Petroli nayo inapandisha kiwango, ila inaifanya oili kuwa nyepesi na utaisikia harufu yake. Hii haikunuka petroli. Nikadondosha matone mawili kwenye kipande cha bati juu ya jiko la mkaa. Oili safi hutoa moshi na kunyamaza. Hii ilipasuka tatata na kurukia mkono wangu, kwa hiyo ukijaribu simama mbali na weka tone, si kijiko. Nyingine nikaitia kwenye chupa ya maji ya nusu lita nikaiacha juu ya dirisha. Kesho yake chini ya chupa kulikuwa na maji, upana wa kidole, na juu yake tope la kahawia. Maji, basi. Tena mengi.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Wa kwanza akasema nitie oili nzito zaidi, eti itayasukuma maji nje. Yasukumwe yaende wapi? Mwingine, mzee wa Ujiji ambaye boti za mbao anazijua kuliko sisi wote, akasema ni sili ya shafti ya jeti, ule mpira wa kuzuia maji. Huyu angalau alifikiri. Lakini beringi ya jeti ina kilainishi chake, kimetengwa na cha injini. Sili yake ikifa maji yataharibu beringi au yatajaa tumboni mwa boti, hayawezi kupanda hadi kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Na fundi wetu wa hedi alishakuja na spana zake na bei yake, bei ambayo ungeweza kununua mbuzi kadhaa na chenji ikabaki, bila kuhesabu gasketi zenyewe ambazo lazima zitoke Dar.

Nikamwambia, "Fundi, ngoja kwanza nitoe plagi." Nilisomea magari chuo cha ufundi cha VETA kabla sijahamia majini, na plagi hazidanganyi. Maji yakiingia kwenye silinda, iwe kwa gasketi ya hedi au kwa manifoldi ya ekzosi, njia ya moshi, iliyooza, plagi ya silinda hiyo itaonyesha: imeloa, ina kutu, au imesafishika kupita wenzake. Zangu zote nane zilikuwa na rangi moja ya udongo. Nikaazima geji ya kompresheni, ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda, gereji moja ya Mwanga hapa hapa mjini, nikapima zote. Hakuna iliyoachwa nyuma. Fundi akatazama geji, akasema geji za siku hizi ni feki.

Kilichonifungua macho ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Nilimwaga oili ile, nikaweka nyingine, na kuanzia hapo nikawa natazama dipstiki kila nikizima, na tena baada ya kama saa moja. Nikizungukazunguka taratibu hapa hapa ghubani, oili inabaki safi. Nikienda Gombe kwa mwendo kamili na kurudi, nikizima tu inaonekana nzuri, saa moja baadaye imepanda na kuanza kuwa nyeupe. Yaani maji yanaingia injini ikiwa imezimwa, lakini lazima iwe imezimwa ikiwa moto.

Hili usilipite haraka. Injini ikizunguka, kwa kawaida oili ina presha kubwa kuliko maji ya kupoza. Penye tundu kati ya viwili hivyo, oili ndiyo itakayotoka kwenda kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inashuka hadi sifuri papo hapo, na maji yaliyoko jirani yanapata nafasi yao. Sasa mahali gani kwenye injini hii oili yenye presha na maji ya ziwa vinatenganishwa na ukuta mwembamba tu? Kwenye kipoza oili. Ni mtungi mrefu kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ndani una vijibomba vya shaba: maji yanapita ndani ya vijibomba, oili inavizunguka. Kwenye boti yetu umefungwa chini kabisa, chini ya usawa wa maji ya ziwa, na mpira wake wa maji umeunganishwa na jeti. Hivyo hata boti ikilala, ziwa linausukuma polepole.

Kama ni hivyo, injini ikiwa moto na inazunguka lazima nione mafuta kwenye maji yanayotoka kwenye kipoza. Kibirizi hilo huwezi kulithibitisha kwa kutazama majini, maana pale mafuta ya boti za watu yanaelea siku zote. Nikatoka na kijana wangu hadi maji safi, tukaipasha injini vizuri, tukazima, nikachomoa mpira unaotoka kwenye kipoza kwenda kwenye injini, nikauelekeza kwenye ndoo nyeupe. Kijana akawasha kwa sekunde chache tu. Hapo injini haipati maji, kwa hiyo usiiache ikinguruma huku unapiga picha. Ndoo ikajaa nusu. Juu ya maji kukaanza kutanda utando wa rangi rangi, bluu na zambarau, ukitanuka kutoka katikati hadi ukingoni. Kijana akasema, "Nahodha, mafuta hayo." Nikamwambia nyamaza kwanza, nataka kufurahi.

Furaha haikudumu. Nilifungua kipoza, nikakipeleka ufukweni, nikaziba mdomo mmoja wa oili kwa kizibo cha mpira na kibano, mwingine nikafunga kipande cha tyubu ya baiskeli chenye valvu yake. Nikakizamisha kwenye beseni na kuanza kupiga pampu. Hakuna hata povu moja. Nikaongeza. Hakuna. Watu wameshajaa, dalali wa samaki wa migebuka kaacha mnada wake amekuja kushuhudia, na fundi wa hedi amekunja mikono, anatabasamu. "Si nilisema?" Nilipiga pampu hadi kibano kikafyatuka na tyubu ikanichapa shavuni. Walicheka hao watu, wakacheka tena waliochelewa walipohadithiwa.

Nikakaa na soda yangu. Maji ya beseni ni ya ziwa, ya vuguvugu tu. Kipoza kikiwa kazini kinapitiwa na oili ya moto. Shaba ikipata moto inatanuka, na ufa uliojibana unafunguka. Mimi nilikuwa nakipima kikiwa kimelala usingizi!

Jirani na pale kuna mama ntilie mwenye sufuria kubwa la kupikia ugali wa wapakuzi. Nikaenda na heshima zote. "Mama, naomba niazime sufuria pamoja na hayo maji yanayochemka."

"Unataka kupika nini, baba?"

"Chuma."

Alinitazama muda mrefu. "Na oili yake? Kwenye sufuria langu la ugali?" Tukavutana. Mwisho nililinunua lile sufuria kwa bei iliyomwezesha kupata jipya na akabakiwa na kitu cha kununulia kitenge. Hadi leo ananiita mteja.

Kipoza kikazama kwenye maji ya moto. Nikasubiri kipate joto hadi ndani, nikapiga pampu taratibu. Pigo la kwanza kimya, la pili kimya. Kisha kwenye ncha ya mtungi, pale vijibomba vilipochomelewa kwenye sahani ya mwisho, mkufu wa mapovu madogo madogo ukaanza kupanda, mstari mmoja mwembamba usiokatika. Nikaacha kupampu, ukapungua. Nikapampu, ukarudi. Nikakitoa kikapoa, nikakirudisha kwenye beseni baridi: kimya kabisa. Nikageuka kumtafuta fundi. Alikuwa amepata simu ya dharura.

Kipoza kipya kilichukua muda kufika, kilikuja na basi kutoka Dar kwa bei ya kuumiza lakini si ya kulia. Kukichomelea cha zamani nilikataa. Sehemu iliyofumuka mara moja kwa presha itafumuka tena, na itachagua siku una wageni katikati ya ziwa. Wakati nasubiri niliunganisha mipira ya oili yenyewe kwa yenyewe na ya maji vivyo hivyo, nikawa naenda polepole tu. Oili haikugeuka tena, na huo ndio ushahidi niliompelekea mwenye boti.

Kusafisha injini ni kazi ya kuchosha tu. Kwenye boti huwezi kulala chini ukafungua nati ya sampu, unavuta kwa pampu ya mkono kupitia tundu la dipstiki, injini ikiwa moto kidogo. Weka oili ya bei nafuu na filta mpya, washa hadi ipate moto, vuta, rudia hadi dipstiki itoke bila ukungu. Filta usiirudishie hata mara moja, ndimo tope linapojificha. Na usilaze injini yenye maji kwenye oili hata wiki, beringi zinaliwa na kutu. Oili chafu yote nilimpa fundi seremala, anapaka mbao kuzuia mchwa. Ziwani haikwenda hata tone.

Kilichofumua kipoza ni presha. Maji ya kupoza yanatoka kwenye jeti yenyewe, na jeti inazungushwa na injini. Kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu kwenye vile vijibomba. Boti yetu haikuwahi kufungwa valvu ya kupunguza presha kabla ya kipoza, na nimemweleza hivyo mzee. Mpaka valvu ije, sikanyagi zaidi ya robo tatu. Juzi amepiga simu kuuliza kwa nini Gombe siku hizi imekuwa mbali. Nimemwambia atume valvu, itasogea.