Ufa Uliorudi

Yule mama alipiga simu jioni, na hakuzunguka: "Fundi, ule mstari umerudi."

Nilikuwa nimeuziba wiki tatu kabla. Niliukwangua, nikajaza puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Ilikuwa dari ya kwanza ya jipsamu niliyoifunga bila msimamizi, na ufa wenyewe ulinyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, ukikatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Iliniuma sana. Puti niliikoroga mwenyewe, haikuwa na madonge, kwa hiyo nikailaumu tepu, ule utepe unaolazwa juu ya maungio.

Nikamwomba mzee aliyenifundisha kazi twende wote. Alipanda ngazi, na wala hakushughulika kuuchunguza ufa. Aliweka kiganja upande mmoja wa maungio, pale bodi mbili za jipsamu zinapokutana, akasukuma juu, kisha upande wa pili. Bodi moja ilitulia. Nyingine ilipanda, ikashuka.

"Njoo uweke mkono hapa."

Niliposukuma, ufa ulifumbuka na kufumba mbele ya macho yangu.

"Huko nyuma pana nini, mwanangu?"

Hapakuwa na kitu. Nilikumbuka vizuri siku ile: ukuta ulikuwa umepinda kidogo, nikapunguza bodi ya kwanza ili iufuate. Mbao za dari ziliachana sentimita 40, na bodi nzima ya mita 2.4 ingeishia juu ya mbao sawasawa. Niliyoipunguza iliishia hewani. Tena nilikata safu zote tatu kwa kipimo kimoja, ncha zikajipanga mstari mmoja chumba kizima. Puti gani ingestahimili hapo?

Tuliteremsha safu ya katikati. Kupitia uwazi ule tukapachika vipande vya mbao nyuma ya ncha za safu mbili za pembeni, halafu safu ya katikati tukaianza na nusu bodi, ili maungio yake yasikutane na ya jirani. Skrubu tukazipiga kila sentimita 15, milimita 15 kutoka ukingo uliokatwa, kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi inayofunika bodi. Karatasi ndiyo inayoishika skrubu. Ikichanika, skrubu hiyo ni ya kuhesabiwa haipo.

Ncha zilizokatwa hazina ule mteremko wa kiwandani unaoachia puti nafasi, kwa hiyo mzee alinifanya nizichonge kwa kisu, nifute vumbi, ninyunyizie maji. Puti ikatangulia, tepu ya karatasi ikalazwa juu yake ikiwa bado mbichi, nikaibana kwa skrepa hadi hewa yote itoke. Kisha tukasubiri. Mara ya kwanza sikusubiri: nilipaka tabaka la pili huku la chini lina unyevu, nalo likanywea. Safari hii tulipaka matabaka matatu, kila moja pana kuliko lililotangulia, la mwisho likitandaa kama sentimita 30 kila upande, maana hapo puti inakaa juu ya bodi na lazima uifiche kwa upana.

Malipo ya marudio sikuyapokea. Mvua zilipopita na joto likaingia, nilirudi nikamwomba yule mama ngazi. Nilipapasa dari nzima, nikasukuma kila ungio kwa kiganja, upande huu na upande ule. Hakuna lililotikisika.