Njuga, fimbo na masufuria mawili: kumbukumbu ya miaka 40 ya timu yetu ya morisi

Oktoba 2024

Nimekabidhiwa. Kikao cha jana usiku, chumba cha nyuma cha baa, watu kumi na wawili, ajenda moja: timu inatimiza miaka 40 mwakani, nani atasimamia sherehe? Kila mtu akaitazama glasi yake. Yangu ilikuwa ya maji ya ndimu, haina cha kutazama, nikainua kichwa. Basi, ikawa mimi.

Kwa wasiojua, nacheza morisi. Ni ngoma ya Waingereza: nguo nyeupe, leso mbili mikononi au fimbo, na njuga chini ya magoti. Watu sita, mistari miwili ya watatu watatu. Mimi ni mtu wa Lamu ninayeishi Oxfordshire, na siku ya kwanza kuiona nilisimama njiani na mifuko ya sokoni nikicheka peke yangu, maana niliona kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo. Si kile kile. Kirumbizi chetu ni cha wawili ndani ya duara, nzumari inalia, kila mmoja anatafuta upenyo wa kumchapa mwenzake. Hawa pigo zote wamezipanga. Lakini mlio wa fimbo juu ya fimbo ni ule ule, na miguu yangu iliujua kabla sijauelewa.

Timu ina skwaya, ambaye ni mkuu wake. Ina nyapara anayefundisha hatua. Na ina bagimani, mtu wa mkoba, anayeandika barua, kushika daftari na kulaumiwa. Bagimani ni mimi.

Sherehe ya aina hii yenyewe huitwa eli. Ndiyo, jina la pombe. Mwaka mzima nitatunza fedha za pombe nisiyoinywa. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini.

Eli haiuzwi tiketi. Unaalika timu ulizokula na kulala kwao, unazilisha, unazilaza, mnacheza siku mbili. Nimefungua daftari la mabagimani walionitangulia: miaka kumi na miwili iliyopita tumealikwa na timu tisa. Tumerudisha kwa tatu. Nyumbani mtaa ungeshatungiwa nyimbo.

Novemba

Tumelumbana wiki mbili juu ya orodha. Zimepita timu tano. Moja ya panga ndefu kutoka Yorkshire. Hawa hushikana, huyu kashika mpini wa wake na ncha ya mwenzake, wanapindana na kupenyana hadi panga zote zinasukwa nyota, mmoja anaiinua juu. Moja ya Lancashire, ya viatu vya soli ya mti, ngoma ya maandamano ya miji ya viwanda vya pamba. Mbili za leso kama sisi. Ya tano ni ya mpakani na Wales: makoti ya matambara, fimbo fupi, makelele.

Hii ya tano ndiyo iliyotunyamazisha kikaoni. Timu nyingi za mpakani zilikuwa zikijipaka masizi uso mzima. Wenyewe walisema ni kujificha, kwamba kibarua aliyekosa kazi wakati wa baridi alicheza apate senti na hakutaka tajiri wake amtambue. Huenda ndivyo ilivyoanza. Lakini karne ya 19 ilijaa maonyesho ya Wazungu waliojipaka weusi ili kuwadhihaki watu weusi, na huwezi kuchagua masizi yapi ni ya kibarua na yapi ni ya dhihaka. Julai 2020 vyama vitatu vikubwa vya morisi vilitangaza pamoja kwamba uso mzima mweusi sasa basi. Timu hii ikahamia zambarau. Mimi niliwaona kabla ya zambarau, 2018, nje ya baa moja. Nilimshika binti yangu mkono tukavuka barabara.

Skwaya akaniuliza mbele ya wote: unaonaje? Nikasema waalikwe. Mwaka juzi tulilala kwao, wakatupikia asubuhi mbili. Deni ni deni.

Januari 2025

Fimbo hukatwa wakati wa baridi, maji ya mti yakiwa yameshuka. Tulikwenda watatu na misumeno kwenye kichaka cha heizeli, mti unaozaa zile njugu wanazotia kwenye chokoleti. Ukungu, vidole havisikii. Tumekata 60, unene wa mpini wa nyundo, kila moja kama sentimita 46, na ncha zote tumezipaka rangi ya ukutani zisikauke kwa pupa zikapasuka.

Fimbo mbichi ni bubu. Nilijaribu mbili pale pale na nyapara wetu, zikatoa sauti ya kupiga mto. Ikikauka ndipo inasema ka! Ziko gereji kwangu, mafungu sita, gari linalala nje.

Machi

Ukumbi umepatikana, wa kijiji, una jiko la mafiga manne na vyoo vitano. Wageni watalala chini ukumbini na magodoro yao. Wenye magari ya kulala wataegesha uwanjani nyuma. Bima tunayo kupitia chama chetu, mabasi mawili yamelipiwa malipo ya awali, barua kwa halmashauri imekwenda ili tufungiwe barabara moja kwa saa moja. Fomu ya hatari zinazoweza kutokea ina kurasa sita. Nimeandika “kugongwa na fimbo” mara tatu kwa maneno tofauti.

Usiku nashona njuga. Timu imeamua watu wote wawe na mpya. Ngozi nene kipande cha ukubwa wa kiganja, njuga 12 za shaba, safu tatu za nne, uzi wa nailoni. Natoboa kwa msharasi, nachomeka sindano, navuta kwa koleo, nafunga fundo nyuma kila njuga peke yake. Ukipitisha uzi mmoja kwa zote, ukikatika popote zote zinamwagika jukwaani. Jozi 14. Kila jozi inanila jioni moja na ncha ya kidole kimoja. Njuga iliyopasuka naijua kwa sikio sasa, inalia kama sarafu mfukoni.

Mama alipiga simu akasikia mlio.

“Nini hicho, mwanangu?”

“Njuga, mama. Nashona.”

“Wazungu nao huvaa njuga?”

“Huvaa, mama. Na fimbo wanazo.”

Akanyamaza. “Na hulipwa?”

“Wanatoa wenyewe mfukoni.”

“Hiyo basi ni ngoma,” akasema, akaendelea na habari za bei ya samaki.

Aprili

Nimepewa kuandika bango la historia la kutundika ukumbini. Nilitaka kukataa, sasa siwezi kuacha. Maandishi ya zamani kabisa yanayotajwa ni ya 1448: chama cha wafua dhahabu wa London kiliwalipa wachezaji wa morisi shilingi saba. Jina lenyewe huenda linatokana na Wamoori, Waislamu wa Afrika ya Kaskazini na Hispania. Nililiandika hilo juu kabisa kwa herufi kubwa, nyapara akasoma, akanitazama, hakusema kitu.

1600 yupo Will Kempe, mchekeshaji wa jukwaani, aliyecheza morisi kutoka London hadi Norwich siku tisa, bila kuhesabu siku za kupumzika. Kisha ngoma inafifia karibu ife. Ninapopapenda ni 26 Desemba 1899, Headington, hapa hapa karibu na Oxford. Desemba haikuwa msimu wa morisi. Msimu wake ulikuwa Pentekoste. Lakini baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, wanaume hawana kitu, wakatoka na njuga kutafuta senti. Wakapita nyumba alimokuwa Cecil Sharp, mwalimu wa muziki aliyekuja kula Krismasi kwa mama mkwe wake. Mpiga konsatina, kinanda kidogo cha kukunja mikononi, William Kimber, kijana mwashi, aliomba radhi kwa kucheza nje ya msimu. Sharp akamwita arudi kesho yake, akaandika nyimbo zake. Kwa hiyo mengi tunayocheza leo yalipona kwa sababu ya njaa na uani kwa mama mkwe.

Watu husahau kwamba waliozirudisha ngoma hizo miguuni, tangu 1905, walikuwa wasichana wa London, washona nguo wa klabu ya Mary Neal, na Kimber mwenyewe akawafundisha. Baadaye mtu anakuja kukwambia morisi ni ya wanaume. Timu yetu ina wanawake tisa, na anayeruka juu kuliko wote ana miaka 61.

1 Mei

Tulicheza Oxford alfajiri, baada ya kwaya ya chuo cha Magdalen kuimba juu ya mnara saa kumi na mbili. Njuga mpya zimepita mtihani. Goti langu la kushoto halikupita.

8 Juni

Hesabu ya mwisho: watu 96. Wasiokula nyama 31. Chakula cha Jumamosi usiku napika mimi, nilijitia kitanzi mwenyewe mwezi Februari nikisema, “Pilau tu, nini?” Masufuria mawili makubwa nimeazima kwa jamaa zetu wa Birmingham, yamekuja yamefungwa kwa kanga nyuma ya gari. Mchele kilo 12, mbuzi kilo 10 wa bucha ya halali, vitunguu gunia dogo. Pombe anashughulikia skwaya. Ameniambia mapipa yanatakiwa yalale mahali pamoja siku nzima au zaidi kabla ya kufunguliwa, la sivyo inatoka tope. Nimelipa, nimetia saini, yaliyobaki si yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Ukumbi ulikuwa umepangishwa pia kwa watu wa badmintoni hadi saa tatu usiku. Hakuna aliyetwambia. Wageni wanaingia na magodoro, ndani watu wanapiga vinyoya. Lancashire wakavaa viatu vyao vya mti wakaanza kucheza kwenye lami ya maegesho, na lami kwa viatu vile ni ngoma nzima. Saa tatu watu wa badmintoni wakatoka wakabaki kutazama. Nililala saa nane.

Jumamosi, 14 Juni

Mabasi mawili, vijiji sita, jua la kweli. Sitasimulia kila kituo.

Saa nane mchana barabara ikafungwa, timu zote mjini, na tukafanya ngoma ya Headington ya kupanda maharage kwa pamoja. Unainama, unachoma ardhi kwa ncha ya fimbo kama anayetoboa shimo la mbegu, unainuka, unapigana na jirani. Fimbo zote 60 zilikuwa mikononi. Sauti ya fimbo sita naijua. Sauti ya 60 zikishuka kwa pamoja kwenye mawe ya barabara niliisikia kwenye meno. Zangu za Januari! Moja ilipasuka kwa urefu, kipande kikaruka juu ya kichwa cha mpiga kinanda, akaendelea kupiga. Mtoto mmoja aliokota kipande kile na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Sasa pilau. Jiko la ukumbi halikuweza kubeba sufuria hata moja, kwa hiyo nilikuwa uani na majiko mawili ya gesi. Sufuria la mboga limekwisha iva. La nyama: vitunguu vimekuwa rangi ya kahawia ile yenyewe, tangawizi na thomu zimeingia, bizari nzima, hiliki, mdalasini, mbuzi amelainika, supu inachemka, nimemimina mchele, maji yanaanza kupungua. Saa kumi na moja na dakika arubaini moto ukawa buluu, ukawa mdogo, ukazima. Na jiko la pili mtungi wake nao ulibaki na pumzi tu.

Mtu aliyepika anajua. Mchele uliokwisha kunywa nusu haungoji.

Nilikimbia uwanjani kwenye magari ya kulala. Mtungi wa kwanza niliopewa ulikuwa wa buluu. Mdomo wake hauingii kwenye kifungio cha jiko langu, langu ni la mtungi mwekundu. Wa pili buluu. Wa tatu buluu. Mzee mmoja wa timu ya mpakani alikuwa ameketi ngazini pa gari lake, uso zambarau, anafungua kamba za viatu. Nikamwambia mwekundu. Hakuuliza ya nini. Akaingia chini ya gari na spana, akatoka na mtungi begani, tukaubeba pamoja hadi uani. Nilipunguza moto, nikaweka kifuniko na makaa juu yake kama tulivyofundishwa, na yeye akabaki amesimama pale, mikono mifukoni, anakinusa kile kinachotoka pembeni mwa kifuniko. Tulizungumza juu ya gesi. Na juu ya goti langu.

Tulipakua saa moja na nusu. Lilishika kidogo chini, na ukoko ule watu wa Yorkshire waliugombania wakidhani ndiyo sehemu ya heshima. Sikuwasahihisha.

Jumapili, 15 Juni

Chai, ngoma moja ya mwisho uwanjani, watu wakakumbatiana wakiwa wamechoka hawana nguvu za kukumbatiana. Kufagia. Vilivyookotwa: leso 11, soksi tatu zisizo na wenzake, mkanda wa kinanda cha melodioni, jino la bandia ndani ya kikombe (mwenyewe amepatikana), na njuga yangu moja, uzi wake umekatika, 11 zilizobaki zote ziko mahali pake.

Fundo kila moja peke yake. Niliwaambia.

27 Juni

Mahesabu yamefungwa. Tumebaki na pauni 23. Wenye ukumbi wamekata 40 kwenye amana yetu kwa doa kwenye zulia, na doa ni la bizari, siwezi kumsingizia mtu. Mtungi nimeujaza na kuurudisha mwenyewe, saa mbili na nusu kwa gari hadi mpakani. Mzee hakuwapo, nimeuacha kwa mkewe, aliyenipa bahasha. Ni mwaliko, Septemba mwakani, wao wanatimiza 30. Chini pameandikwa kwa kalamu: lete lile sufuria.