Filamu ambazo banda la Mwanga halitaonyesha

Huku Kigoma ukitaka muvi unaenda banda umiza pale Mwanga, mia tano yako mkononi, unakuta za mapigano zimetafsiriwa, basi. Hadithi za wapenzi wa jinsia moja huzikuti, na mi nasema wazi hilo linaniuma, maana nazipenda sana.

Chukua Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya Kenya kabisa, ilienda tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 2018 na ndo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kule, halafu nyumbani ikapigwa marufuku, bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe eti una matumaini mno, Wanuri dada wa watu akagoma. Mahakama ikaja kuiachia siku 7 tu mwezi wa tisa, watu Nairobi wakajaa kumbi hadi tiketi zikaisha!! Wasichana wawili, Kena na Ziki, baba zao wanagombea kiti kimoja, wao wanajificha kwenye kigari kibovu kilichotelekezwa, wanaongea tu wanacheka, nywele za Ziki zina rangi za pinki na bluu. Pale kwenye kigari ndo nilipolia jamani.

Wenzetu kwenye tamasha la filamu la Berlin wana tuzo yao ya Teddy, ya filamu za namna hii, tangu 1987, na Guinea walishatoa Dakan, filamu ya wavulana wawili wanaopendana, 1997, kwa hiyo anayesema haya mambo hayana filamu za Kiafrika hajatafuta. Mi nataka siku moja niziangalie hapa hapa, ukumbini, nimekaa na watu.