Hii ya daftari ndo yangu

Usingizi umegoma tena leo. Wiki ilikuwa kubwa, wawekezaji wametuongezea pesa za miezi sita, programa wetu mmoja kaaga anahamia Dar, harusi ya binti wa ami imepita salama alhamdulillah, lakini mie kichwani nina jambo moja tu, maneno ya yule mama wa Jambiani. Mnamjua, ndo wa mwanzo kukubali kuandika mauzo yake ya mwani kwenye programu yetu, na kwenye kilimo hiki yupo tangu kilipoanza kibiashara huku pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989.

Maji yalikuwa yanajaa, keshatoka shambani, tumekaa barazani kwake. Nkamuuliza, mama, programu inakusaidia? Inanisaidia sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Nkamwambia basi nioneshe mara ya mwisho uliuza kilo ngapi. Simu hakuigusa. Kaingia ndani katoka na daftari la skuli la mjukuu wake, mbele hesabu za kujumlisha na sahihi za mwalimu, akalifungua kwa nyuma. Nkasema lakini mama, mbona kwenye simu umeshaandika? Akanitazama kwa upole, akasema, "Ile ya kwenye simu yako wewe mwanangu. Hii ya daftari ndo yangu."

Yako wewe mwanangu. Kwenye gari ya kurudi Mjini nayasikia hayo hayo, harusini watu wanapiga vigelegele mie nayasikia. Angesema kwa hasira yangenitoka, lakini alisema kama mtu anayekurejeshea sahani yako uliyoisahau kwake. Maana yake muda wote ule alikuwa akiniandikia mie, kwa hisani, kwa kuwa mgeni kaja na kaomba.

Na hii ndo khasa sababu kila siku nawaambia wenzangu ofisini, musimuulize mtu kama kitu kizuri. Huku kwetu nani atakwambia kibaya na wewe umekaa kwenye mkeka wake unakunywa chai yake? Mwambie akuoneshe alivyofanya mara ya mwisho, kisha nyamaza utazame mikono. Kwenye stataapu changa kama yetu hakuna kazi nyengine ya prodakti meneja, yaani mie ninayeamua programu ifanye nini, inayoipita hiyo, si mikutano, si michoro ya mwaka mzima tunayowapelekea wawekezaji. Nao kila mkutano wanauliza lile lile, wangapi wanafungua programu kila wiki. Kila wiki afungue atazame nini? Mwani ukishaufunga unangoja kama wiki sita ndo uvune, tena shambani unaingia zaidi kwenye bamvua, maji yanapotoka mbali, na maji mafu yakija, yasiyotoka sana, unabaki nyumbani. Mtu anayerudi kila akivuna huyo kwangu ni mteja mzuri kabisa, na kwenye ripoti yao anaonekana katukimbia.

Basi juzi usiku nimelala nayarudia tu maneno yale, mara nkaanza kuliona daftari lenyewe. Mwanzo nilikuwa nayasikiliza maneno tu, daftari sikulitia maanani. Kilo zilikuwa zimegawiwa, zake, za binti yake, za jirani aliyemsaidia kufunga. Pembeni deni la dukani. Chini yake zamu ya upatu, nani kapokea nani bado. Ukurasa mwengine kaandika pale cottonii yake, ile aina ya mwani, ilipokufa maji yalipokuwa moto, na kamba zipi kazigeuza kuwa spinosum, aina nyengine. Programu yetu ina mtu mmoja, kilo, bei, basi. Mwani wa yule mama si wa mtu mmoja!

Nkainuka nkawasha taa, furaha imenijaa. Kanionesha bidhaa nzima, kaichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Nkakumbuka M-Pesa, ile majaribio yake kule Kenya 2005 yalikuwa ya kulipia mikopo midogo, watu wenyewe wakaigeuza wakawa wanatumiana pesa, na ilipozinduliwa 2007 ikazinduliwa kwa hiyo kazi ya kutumiana. Walikuwepo watu waliotazama wakakubali kufuata. Mie nataka tuwe hao.

Jumatatu naingia ofisini na ombi moja, mpaka bamvua lijalo pasiandikwe fitcha mpya hata moja. Nitakwenda kukaa Jambiani na Paje na daftari tupu, niwaandikie kwa mkono mgao wao na upatu wao, nione wapi wananisahihisha na wapi wananinyang'anya kalamu. Bosi atasema hiyo si kazi ya teknolojia. Nitamwambia siku simu ya yule mama ikipotea na akahuzunika kwa kilichomo ndani, hapo tutajua tuna kitu, na kwa sasa akipoteza simu anahuzunikia simu.

Nlikuwa nataka kuandika zaidi lakini kaka kapiga saa hizi kutoka kwetu Wete, Pemba. Karafuu zimekomaa, wachumaji hawapatikani, na baba anasema zikichanua mtini ni hasara, kwa hiyo kesho asubuhi atapanda mwenyewe. Na goti lile. Nimempigia mara mbili hapokei, na mama ananambia kalala, na najua hajalala.