Siku niliyoiona ndigana kwa macho yangu

Nilikuwa form three, likizo ya Desemba, kwa bibi Muheza. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, chotara, anaitwa Pendo, na ada zetu zote zilitoka kwenye kiwele chake. Asubuhi hiyo pumba hajagusa, namshika chini ya sikio nakuta tezi imevimba kama limau, ndani ya sikio kupe wa kahawia wamejazana. Bibi kuangalia tu akasema, "Hii ndigana kali, mume wangu, kimbia kamwite bwana mifugo." Ndigana kali ni homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe.

Bwana mifugo akachoma ile tezi na sindano tupu, akavuta maji kidogo akayapaka kwenye kipande cha kioo, akakipunga kikakauka. Pendo akapigwa dawa, mimi nikaambiwa twende wote Tanga mjini nikajionee. Maabara wakakitia rangi kile kioo, nikainamia hadubini, na kweli, ndani ya seli kuna madoa ya bluu yenye vidoti vyekundu. Bwana mifugo akaniambia hiyo ndo miili ya Koch, yaani vijidudu vyenyewe vya ndigana.

Njiani kurudi ndo akanihadithia. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha TB, alikuwa Dar es Salaam 1897 hadi 1898, akaona kwenye damu ya ng'ombe wa pwani vijidudu vidogo mno, ila akadhani ni vichanga vya wale wa ugonjwa wa kukojoa damu. Baadaye ng'ombe wa pwani wakasafirishwa kusini kupitia bandari ya Beira, Msumbiji, kufika 1902 mifugo ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, inakufa ovyo, Koch akaitwa, na 1903 ndo akakubali huu ni ugonjwa mwingine kabisa. 1904 Lounsbury, mtaalamu wa wadudu kule Cape, Afrika Kusini, akathibitisha kupe wa kahawia ndo anaueneza. Nilikaa kimya kwenye basi nawaza, tezi na kupe, vitu vilevile bibi alivyovitazama asubuhi bila hadubini yoyote.

Tulikuwa tumewahi. Siku ya tatu Pendo akaanza kucheua, nikachukua mkaa nikamchorea bibi ukutani pa banda nilichokiona, seli kubwa na vidoti ndani yake. Akasogea karibu, akagusa vile vidoti kwa kidole kimoja kimoja.

"Kumbe hawa ndo waliomuua mama yake."

Akachukua ndoo, akaenda kukamua.